Meza ya Krismasi Huko Katindiuka

Kila mwaka unapokaribia kwisha, magazeti hujaa maelekezo ya namna ya kuipamba meza ya Krismasi. Msomaji huambiwa anunue kitambaa chekundu na kingine cha kijani, mishumaa mirefu, maua ya plastiki, vigololi vya kung'ara vya kutundika, na kama mfuko unaruhusu, theluji ya kupuliza kutoka katika kopo. Hatuna ugomvi na mwenye kununua vitu hivyo kwa fedha yake halali. Lakini safari hii tumeona si vibaya tuwaeleze ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na wakubwa wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, habari ya meza moja tuliyoiona kwa macho yetu ikipambwa huko Katindiuka, mjini Ifakara, mkesha wa Krismasi ya mwaka 2024.

Yamkini jina la Katindiuka halijapata kumfikia mtu wa Wete au wa Makunduchi. Ni kata ya mji wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Atokaye Unguja hupanda boti hadi Dar es Salaam, akashika njia ya Morogoro na Mikumi, kisha akakata kusini kupita Kidatu na mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wake wa kulia na uwanda wa bonde mkono wa kushoto. Uwanda huo wa mafuriko, ambao mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, una eneo linalokaribia kilomita za mraba 8,000. Ukivikusanya visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na vijisiwa vyake vyote, bonde hilo huvizidi karibu mara tatu.

Wala ugeni baina ya pande hizi mbili si mkubwa kama mtu anavyodhani. Tangu mwaka 1980, waya ulipopitishwa chini ya bahari hadi Unguja, taa za huko zimekuwa zikiwaka kwa umeme wa gridi ya Bara, na waya wa pili, wenye nguvu zaidi, ulifuata mwaka 2013. Sehemu ya umeme wa gridi hiyo hutoka Kidatu, kituo kilichoanza kazi mwaka 1975 mlangoni mwa bonde hili, na sehemu nyingine Kihansi, juu ya mto unaoingia katika Kilombero. Kwa hiyo mtu wa Mwembetanga anayewasha taa ili ale chakula cha usiku ana deni dogo, pasipo kujua, kwa maji ya huku. Na wale waliokaa gizani kwa miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya ule wa kwanza ulipoharibika, hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote namna ya kula Krismasi au kufungua mwaka kwa mwanga wa mshumaa.

Turudi mezani. Mwenyeji wetu ni mama wa makamo anayeielekea uzee, mkulima wa mpunga, ambaye alitukubalia tuandike habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisionekane gazetini. Tulipomwamkia alituitikia, "Marahaba wanangu. Ingieni basi, msisimame mlangoni kama wadai." Tukaingia. Yapata saa tisa alasiri, mvua imekatika kitambo kidogo, na mapambo ndiyo kwanza yalikuwa yakianza.

Meza yenyewe kwa hakika ilikuwa meza mbili. Ya kwanza ni ya mninga, nzito, aliyoirithi kwa marehemu mumewe. Miguuni mwake ina mstari wa rangi ya udongo usiotoka kwa kusuguliwa, alama ya maji ya mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia nyumba nyingi za Ifakara. Ya pili ni meza ya cherehani, ambayo cherehani lake lilikuwa limehamishiwa chumbani kwa siku mbili. Meza hizi hazilingani kimo. Mjukuu wa kiume alitumwa akatafute vipande vya mbao, akaviingiza chini ya miguu ya ile fupi, akaweka bilauri ya maji juu ya kiungo cha meza mbili ili apime kama imekaa sawa. Bilauri haikumwagika. Bibi yake akaguna kwa namna ya kuridhika, na kazi ikaendelea.

Kitambaa cha meza kilikuwa kanga doti moja, ambayo bado haijakatwa wala kupindwa. Hapa pakatokea mjadala. Kanga ile ilikuwa nzuri mno kwa rangi, nyekundu na nyeupe, ila maandishi yake yalikuwa ya kumsuta jirani mwenye husuda, na miongoni mwa wageni waalikwa walikuwamo majirani. Binti wa mwenyeji alipendekeza waazime nyingine. Mama akakataa katakata. Aliikunja kanga kwa ndani kiasi cha vidole vinne, akayafunika maandishi yote, akapitisha mshono wa bandika kwa uzi mweupe, na juu yake akaweka vitambaa viwili vya kufuma kwa kroshia ambavyo siku za kawaida hukaa migongoni mwa viti. Wasomaji wetu wa kike wa Visiwani, wanaojua uzito wa maneno ya kanga kuliko sisi, watakiri kwamba mwanamke huyu anajua adabu ya mezani.

Mapambo ya maua hayakuwa taabu. Mwezi wa Desemba ndio msimu wa ule mti wenye maua mekundu kama moto, ambao kwa sababu hiyo wengi wa Pwani na wa Bara huuita mkrismasi. Kosa la wengi, na sisi tumelifanya nyumbani kwetu, ni kuyachuma maua yake asubuhi na kuyaweka juu ya meza makavu hivyo hivyo. Hayafiki adhuhuri, hunyauka yakawa kama majani ya chai. Mwenyeji wetu alikata vitawi vifupi jioni jua likipoa, akavitia ndani ya chungu kidogo cha udongo chenye maji, akakiweka chungu hicho katikati ya meza na kukizungushia majani ya mwembe. Chungu kilikuwa kifupi kwa makusudi. Alisema hapendi maua marefu mezani kwa sababu humlazimu mtu kuinamisha shingo ili amwone anayezungumza naye.

Tulimwuliza juu ya mti wa Krismasi. Desturi hiyo, kama ijulikanavyo, ilikua katika nchi za Wajerumani ambako mti wa msonobari hubaki kijani wakati miti mingine yote imekufa kwa baridi, na katika karne ya 19 ikaenea Uingereza na kwingineko. Kwetu Pwani watu hutumia tawi la mvinje, nalo hufaa, na wengine hulibandika pamba ili ionekane theluji. Sisi hatujapata kuona sababu ya kutafuta theluji Ifakara, mahali ambapo mwezi wa Desemba mtu hulala madirisha wazi na bado akaamka kavuja jasho. Mama alijibu kwa maneno machache kwamba pamba aliyo nayo ni ya kufungia vidonda, na mti upo nje, umesimama, hauhitaji kuletwa ndani.

Palikuwapo na jambo moja lililotuvutia kuliko mengine yote. Juu ya sahani ya enameli yalipangwa machungwa saba, na kila chungwa lilikuwa limechomekwa karafuu ganda zima, kwa mistari iliyozunguka kama mishono ya kofia. Harufu ilijaa chumba. Pambo hili lina asili ya mbali, maana huko Ulaya machungwa ya karafuu ni jambo la zamani sana, lakini mwenyeji wetu hakulitoa Ulaya. Alifundishwa na mwanawe wa kiume afanyaye kazi katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki wa Unguja, na karafuu zenyewe ni za Pemba, zilizonunuliwa dukani katika pakiti, kwa risiti. Twalisema hili la risiti waziwazi ili maafisa wanaolinda zao hilo wasitutazame kwa jicho baya. Inasemekana karafuu hufukuza nzi. Nzi tuliowaona sisi walikuwa wachache, ingawa hatuwezi kuapa kama ni kwa ajili ya karafuu au kwa sababu vyakula vyote vilikuwa vimefunikwa kwa makawa.

Huyo mwana ndiye aliyekuwa kiini cha mazungumzo ya siku nzima, na ndipo lilipo jambo lililotusukuma kuandika safu hii. Kazini kwake yeye ndiye mwandazi wa meza. Hukunja vitambaa vya kupangusia mikono vikawa bata, vikawa feni, vikawa yungiyungi. Alasiri ile alipiga simu mara mbili katika mapumziko yake, akamwelekeza dada yake namna ya kukunja feni: ukunje upana wa vidole viwili mbele na nyuma, ubane katikati, uingize mguu wake ndani ya bilauri. Feni nane zikasimama. Ya tisa ilianguka kila mara, ikaachwa imelala. Mwana huyu hakuwapo Krismasi ile, wala ya mwaka uliotangulia, wala ya kabla yake. Mwisho wa Desemba ndiyo siku ambazo hoteli za Visiwani hufurika wageni, na meza anazozipamba siku hiyo ni za watu wengine.

Hatuandiki haya kumlaumu mwajiri. Biashara ya utalii ina majira yake kama uvuvi ulivyo na majira yake, na kijana mwenyewe alituambia kwa simu kwamba anashukuru kupata kazi. Lakini vijana wa Bara, wengi wao Wakristo, walio katika hoteli za Unguja, si wachache. Twadhani haingekuwa jambo gumu kwa maafisa wa kazi wa Visiwani kuketi na wenye hoteli na kuwahimiza waweke zamu, ili asiyepata likizo Krismasi hii aipate ijayo, na mwenzake Mwislamu aliyekuwa kazini sikukuu ya Idd naye akumbukwe vivyo hivyo. Zamu iandikwe ukutani, kila mtu aisome. Inapokuwa ndani ya kichwa cha msimamizi mmoja, zamu husahauliwa.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Krismasi ya Kilombero iwe nzito kwa namna ambayo mtu wa kisiwani, asiye mkulima wa bondeni, hawezi kuitambua mara moja. Mashamba mengi ya mpunga yako mbali na nyumba, mengine ng'ambo ya mto. Mvua za kupandia zinapokaza, familia hugawanyika. Wakubwa huhamia shambani, wakakaa huko miezi kadhaa katika vibanda na madungu, wakilima, wakipalilia, wakiwinga ndege, hadi mavuno ya mwezi wa Mei, Juni na Julai. Watoto wa shule hubaki mjini na bibi au na dada mkubwa. Kwa nyumba nyingi, basi, chakula cha Krismasi ndicho cha mwisho kuliwa na watu wote pamoja kabla ya kutawanyika. Zamani walio ng'ambo ya mto walikuwa na hofu ya kivuko juu ya hayo yote, na wako waliopoteza maisha yao kivuko kilipozama Januari 2016. Daraja lenye urefu wa mita 384 lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 limeondoa hofu hiyo. Umbali haukuondoka.

Tena Desemba ndiyo ghala linapoonyesha sakafu. Mpunga wa Julai umeuzwa, umeliwa, umelipia ada, na uliobaki ni wa mbegu. Bei ya mchele hupanda sokoni hata katika mji huu ambao jina lake huandikwa juu ya magunia kama sifa. Ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu, naye yu tayari kununua leo mpunga utakaovunwa miezi sita ijayo, kwa bei anayoijua yeye. Wako wanaouza kwa namna hiyo ili sikukuu isipite patupu, kisha mwezi wa Juni wakavuna mali ya mtu mwingine. Mwenyeji wetu alituonyesha magunia yake mawili ya mbegu, moja la Supa na moja la Saro, yamefungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kichanja. Alisema mwaka mmoja aliuza mpunga ukiwa bado majani, akanunua kuku watatu, soda, na mapambo ya karatasi ya kumetameta kutoka dukani. "Mapambo yale yalinigharimu gunia," alisema, na hakucheka.

Haya twayaelekeza kwa wakubwa wa Serikali wa Wilaya na Mkoa. Vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo vipo kwa kazi hii hasa, na maghala ya kuwekea mpunga kwa stakabadhi si jambo geni tena nchini. Mkopo mdogo unaotolewa mwezi wa Novemba, kwa riba ya kibinadamu, na kulipwa kwa mpunga wa Julai, ungemwondoa yule mtu wa fedha taslimu mlangoni mwa nyumba nyingi. Nasi tungependa kuona ofisi za umma zikianza zenyewe kubana matumizi ya msimu huu. Mapambo ya plastiki yanayoning'inizwa mapokezi kila Desemba hununuliwa kwa fedha za wananchi, hutoka nchi za mbali, na tumeyaona mahali fulani yakiwa bado yananing'inia wakati wa Pasaka, yamejaa vumbi. Wanawake wa Ifakara wanafuma nguo za pamba kwa mikono, wa bondeni wanasuka mikeka kwa milala, wa Visiwani wanasuka makawa na mikeka kwa ukili uliotiwa rangi. Afisa ugavi hatavuka bahari kuyatafuta.

Siku yenyewe ya sikukuu meza ilijaa. Wali wa mchele wa Supa, pilau, kuku, perege wa kukaanga, kambale wa kuchomwa aliyepikwa kwa nazi, kisamvu, chapati, na togwa ndani ya jagi kubwa. Kuku na mbuzi walichinjwa na jirani Mwislamu aliyeitwa alfajiri, kwa kuwa nusu ya wageni ni Waislamu, na hapakuwa na aliyeliona jambo hilo kuwa la kutajwa. Sisi tulilitaja, tukaangaliwa kama watu waliouliza kwa nini maji ni maji. Jirani huyo na mkewe waliketi upande wa kanga ulioelekea mlango. Maandishi yalibaki yamefunikwa hadi mwisho, ingawa mke wa jirani alipapasa upindo wa kitambaa mara moja, akasoma herufi mbili tatu, akatabasamu, akaurudisha.

Viti havikutosha. Watoto kumi na mmoja walitandikiwa mkeka ukumbini, wakaletewa sinia mbili, na ni hapa msomaji wa Visiwani angejiona yuko kwao. Mwenyeji hakukubali mkeka ukae mtupu. Aliugawia maembe yaliyopangwa kama piramidi, vitawi vya mkrismasi ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa kwa kipande cha kitenge, na chungwa moja kati ya yale saba. Watoto walilinyofoa karafuu zote kabla ya wali kuiva. Birika na beseni la kunawia vilipitishwa kwao kwanza, maji yakiwa yametiwa majani ya mchaichai, halafu ndipo vikaletwa kwetu wakubwa. Umeme ulikatika jioni kwa nusu saa hivi. Mishumaa miwili ilikuwa tayari ndani ya bilauri zilizotiwa mchanga wa mtoni, ikawashwa, na hapana aliyesogeza kiti. Mahali pa tisa, pale penye kitambaa kilichoanguka, paliwekwa sahani iliyofunikwa kwa kawa, isiguswe. Usiku mjukuu aliruhusiwa kuila.

Tulipita tena kuaga tarehe 27. Meza ya cherehani ilikuwa imerudi kazini mwake. Ile ya mninga ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali, na juu yake yakapangwa magunia ya mbegu, jembe mbili, sufuria na chandarua, mizigo ya kwenda shambani mara tu gari litakapopatikana. Kanga ilikuwa imefumuliwa mshono. Mwenyewe alikuwa ameivaa, maandishi nje, akifagia uwanja. Akatuuliza kama njia yetu ni ya Dar es Salaam, na kama tunamjua mtu wa kuaminika kwenye boti za Unguja. Tulipoitikia, alitutolea kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi mweupe, ndani yake machungwa mawili yaliyosalia, karafuu zimeanza kukauka ndani ya maganda. Tukamwambia kwamba Unguja karafuu zimejaa. Akasema analijua hilo, akatuandikia jina la hoteli.